RTX 3060 kwenye joto la Tanga: kuisukuma au kuipunguzia volti?

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena. Leo niko Chumbageni, dirisha liko wazi, feni ya dari inazunguka, na hapa mbele yangu ni kompyuta mpya ya gemu ambayo mpwa wangu ameniachia niipime kabla hajaibeba kwenda kwake Duga. Nianze na jibu, maana najua kuna watu bando linawaishia katikati: kadi hii ya grafiki, RTX 3060 ya Nvidia, inasukumika, yaani inakubali kukimbia zaidi ya kasi ya kiwandani, tena bila tabu, lakini kwa huku kwetu kuisukuma juu hakulipi. Kinacholipa ni kuipunguzia volti. Mwenye bando abaki nimweleze kwa nini.

Vilivyomo ndani navipitia haraka. Prosesa ni Ryzen 5 5600, RAM gigabaiti 16, SSD ya kawaida, kasha lenye wavu mbele badala ya kioo, na hapo kwenye wavu nampongeza kijana, maana kasha la kioo kitupu kwa Tanga ni jiko. Pawasaplai, kile kisanduku kinachoilisha kompyuta umeme, ni ya wati 550, kiwango kile kile ambacho Nvidia wanakipendekeza kwa kadi hii. Ila jamani, zile pawasaplai mnazopewa bure ukinunua kasha, nyepesi kama boksi la mkate lililokwisha, msizifungie kadi ya grafiki. Kama pesa ni ndogo, punguza kwenye taa za rangi, usipunguze hapo.

Sasa kadi yenyewe. RTX 3060 ilitoka Februari 2021, ina memori ya gigabaiti 12 na inakula wati 170. Hii ni ya mtumba, ya Kariakoo. Ukinunua ya mtumba kumbuka hizi kadi zilizaliwa wakati watu wanachimba sarafu za kidijitali usiku na mchana. Nvidia waliiwekea hii 3060 kizuizi ili wachimbaji wasiitake, halafu mwezi uliofuata wenyewe wakatoa draiva (programu inayoiendesha kadi) ya majaribio iliyokifungua kwa bahati mbaya. Kwa hiyo usidanganywe kwamba 3060 haikuchimba. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, iendeshe gemu zito angalau nusu saa, usikilize feni na uangalie joto. Akikataa, maduka yako mengi.

Tuje kwenye ovakloki, yaani huko kuisukuma kadi. Kuna kitu watu hawakijui: hii kadi inajisukuma yenyewe. Kiwandani wameandika kasi ya chipu 1777 MHz, lakini fungua gemu uone, utaikuta inacheza kwenye 1850 mpaka 1900 na ushei hujagusa kitu. Inafanya hivyo kwa kuangalia mambo matatu: wati ilizoruhusiwa, volti, na joto. Joto likipanda, inajishusha yenyewe, kidogo kidogo, kwa hatua za kama 15 MHz. Na hapo ndipo sisi watu wa pwani tunapoachana na video za Wazungu. Mwenzako anapima kwenye chumba cha nyuzi 21. Wewe Februari hii, saa nane mchana, chumba kina nyuzi 32. Hizo nyuzi 11 hazipotei, zinahamia kwenye kadi karibu zote. Kwake inasoma 65, kwako itasoma 75 na kitu, kadi ile ile, feni zile zile.

Nimetumia programu ya MSI Afterburner. Ni ya bure, na inakubali kadi za kampuni yoyote, si lazima iwe ya MSI. Nimeongeza kasi ya chipu kama 100 MHz, nikafungulia kikomo cha wati mpaka mwisho wake, halafu nikaja kwenye memori. Memori ya 3060 utaiona imeandikwa karibu 7500, nikaongeza 500. Hapo kuna hesabu nzuri: inatoka gigabaiti 360 kwa sekunde inakwenda 384. Ni ongezeko la karibu asilimia 7, na halipandishi joto sana. Kama kuna kitu kimoja cha kusukuma kwenye kadi hii, sukuma memori. Lakini taratibu, kwa sababu memori ikizidiwa si lazima kompyuta igande. Inaweza kuendelea kufanya kazi huku inarudia kutuma data iliyoharibika, na wewe unashangaa namba umepandisha na fremu zimeshuka. Kila ukiongeza, pima.

Matokeo? Cyberpunk 2077, ubora wa juu, skrini ya 1080p, ilikuwa kwenye fremu, yaani picha, 60 na ushei kwa sekunde. Baada ya kusukuma kila kitu imeongeza fremu tatu, nne hivi. Basi. Macho yako hayazioni. Masikio ndiyo yatasikia, maana feni zimepanda hadi taarabu ya jirani siisikii, na joto linagusa 80. Na ile 100 MHz niliyoongeza, sehemu yake imerudishwa na joto lile lile. Unaongeza kwa mkono huu, kadi inapunguza kwa mkono ule.

Kwa hiyo nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, isipokuwa memori, nikageukia volti. Ndani ya Afterburner bonyeza Ctrl na F, litafunguka dirisha lenye mstari unaopanda. Mstari ule unaiambia kadi: ukipata volti hizi, kimbia kasi hii. Kiwandani wameweka volti za kutosha hata kwa chipu dhaifu kuliko zote zilizotoka siku ile. Chipu yako huenda haizihitaji. Nimechagua nukta ya volti 0.875, nikaipandisha mpaka 1850 MHz, na kila kilichoko kulia kwake nikakilaza chini yake, ili kadi isidai volti zaidi. Bila hivyo, hii ya kwangu ilikuwa inapanda mpaka volti moja na kidogo.

Mtaniuliza, volti ndogo kiasi hicho zinasaidia nini? Zinasaidia kwa sababu umeme unaoliwa na chipu unafuata kipeo cha pili cha volti. Toka 1.05 shuka mpaka 0.875, kwa kasi ile ile, unabaki na kama asilimia 70 ya ulaji wa chipu. Kadi nzima haishuki kiasi hicho, kwani memori na feni nazo zinakula, lakini mita ya hapa imetoka 170 imekaa kwenye 130 hivi. Joto limerudi kwenye sabini za mwanzo. Feni zimenyamaza. Na fremu? Nimepoteza moja, pengine mbili, na memori imenirudishia.

Wati 40 unaziona ndogo. Kijana anayecheza saa tano kila siku, kwa mwezi ni uniti 6 za umeme wa Luku. Mama mwenye nyumba atazisikia hizo.

Lakini kwangu mimi jambo kubwa ni UPS, lile boksi la betri linaloishikilia kompyuta umeme ukikatika. Wengi wetu tuna zile ndogo za 650 VA, na uwezo wake kwa wati mara nyingi haufiki 400. Kompyuta kama hii ikiwa kwenye gemu inakaribia 300, weka na skrini juu yake. Ukiisukuma kadi, umeme ukikatika UPS inapiga kelele na kuzima hapo hapo. Ukiipunguzia, unapata nafasi ya kuhifadhi gemu na kuzima kwa adabu.

Na hapa nisikilizeni vizuri, hili swali naulizwa sana: kompyuta inazima, nitajuaje ni ovakloki au ni umeme? Angalia inavyozima. Skrini ikiwa nyeusi kidogo halafu gemu likajifunga lakini mashine bado inawaka, hiyo ni kadi. Windows huisubiri kadi sekunde mbili, isipojibu inaiwasha upya draiva. Vidoa vya rangi, pembetatu zinazoruka, mistari, hizo pia ni kadi, rudisha nyuma namba zako. Lakini mashine ikikata papo hapo na kujiwasha upya, shuku pawasaplai au umeme wa ukutani kwanza. Huku kwetu jioni taa zinafifia na feni ya dari inapunguza mwendo, usije ukailaumu kadi kwa kosa la ukuta. Tafuta UPS yenye kurekebisha volti.

Kitu kingine, kwenye Afterburner msiweke tiki ya kuanza na Windows mpaka mipangilio imekaa gemu kadhaa nzito bila kuyumba. Jaribu mchana, wakati wa joto, sio saa kumi alfajiri. Na walioko Raskazone, karibu na maji, fungueni kasha mara kwa mara mkalisafishe: vumbi likichanganyika na chumvi ya bahari linaganda kwenye mapezi ya kupozea, na skrubu zinaota kutu kabla ya mwaka.

Dada mmoja wa Makorora kaniuliza kuhusu RX 6600, kadi ya AMD. Dada yangu, wewe huna haja ya Afterburner. Draiva ya AMD yenyewe ina sehemu ya kupunguza volti, na kadi yako tayari inakula wati 132 tu, kwa hiyo huna vita kubwa. Anza kwa kushusha kidogo, cheza, shusha tena. Namba zangu za hapa usizinakili, na mwenye 3060 asizinakili pia, chipu mbili za boksi moja hazifanani. Yako inaweza kukubali 0.85, au ikagoma 0.9.