Rivyu ya apatimenti ya Kizota: tailizi nyota tano, maji nyota moja na nusu

Haya wadau, niliahidi nikimaliza miezi sita ntaandika, imeisha wiki iliyopita. Apatimenti ni vyumba viwili, kimoja masta, sebule, jiko na kibaraza cha kuanikia, ghorofa ya kwanza, Kizota hapa Dodoma, upande wa maghala, laki tatu na nusu kwa mwezi, miezi sita kwa mpigo. Jina la jengo silitaji maana bado nalala humo.

Nilikuwa Dar bado, uhamisho umetoka ghafla, dalali akanitumia video ya dakika moja. Jipsamu ina taa zinabadilika rangi, bluu, zambarau, kijani, kabati za jiko zinang'aa, tailizi unaweza kujitazama sura. Nikamuuliza maji je, akasema "maji yapo dada, tanki kubwa tu". Na mimi kwa ushamba wangu nikaridhika, nikatuma milioni mbili na laki moja, na juu yake laki tatu na nusu ya kwake yeye. Nikapanda SGR na mabegi mawili, vitu vingine vikaja na fuso.

Sasa nisikilizeni, Dodoma swali la "maji yapo?" halina maana yoyote, hakuna dalali atakayekujibu hayapo. Uliza yanatoka siku gani, tanki lita ngapi, mnagawana kaya ngapi. Sisi tupo kaya nane kwenye tanki la lita elfu tano, piga hesabu, ni lita 625 kila mmoja, na bomba likikaa siku nne bila kutoa na wa chini kule ana watoto watatu na mashine ya kufulia basi umeshaelewa. Halafu tanki limewekwa juu ya kamnara kafupi, yakishuka nusu sisi wa juu shawa inadondosha machozi. Wiki ya pili nilikuwa nimeshanunua mapipa mawili ya lita mia, yamekaa masta kwenye kona ambayo kwenye video ilikuwa na ua la plastiki.

Na yakitoka ni ya chumvi. Sio ya kutisha, unazoea, ila sabuni haitoi povu na birika langu jipya mwezi mmoja tu limeota ukoko mweupe ndani kama ganda la yai. Hita ya bafuni mwenye nyumba aliisifia sana, mwezi wa tatu ikafa. Fundi alipoifungua akacheka, akaniambia dada hii ilikuwa inachemsha mawe. Elementi mpya nimenunua mimi, kwenye mkataba hita haijaandikwa popote.

Simlaumu mtu wa bomba, mji umejaa kuliko ulivyopangwa. Sensa ya 2012 hapa ilihesabu watu 410,956, ya 2022 ikakuta 765,179, na tangu serikali ianze kuhama kweli 2016 kila mwenye kiwanja kajenga apatimenti. Ninayemlaumu ni anayejenga ya kaya nane na kuweka tanki la kaya mbili, maana hela ya taa za zambarau ilipatikana.

Madirisha nayo. Ni yale makubwa ya aluminiamu ya kuslaidi, ya sebuleni yote yanatazama magharibi, hakuna kibanda wala mti wala pazia zito, kuanzia saa tisa alasiri humo ndani unaoka mkate. Ukifungua upate hewa, upepo wa huku na vumbi lake unakuja na kila kitu, unafuta meza asubuhi, jioni unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Nyumba za zamani za mjini pale zina kuta nene na baraza pana pande zote, wale waliojua jua la Dodoma walijenga hivyo, sisi tunajengewa za kupostia.

Mtaa wenyewe ndo nataka niuongelee vizuri, maana watu wa Dar mnaposikia Kizota mnasema ni kwa viwandani. Ni kweli ni maghala na karakana, semi za mahindi zinapita hadi usiku wa manane, mwezi wa kwanza nilikuwa naamka kila moja ikifunga breki. Ila apatimenti zinaingia katikati ya maghala, hapa geti la kupakulia magunia, pembeni duka la vipodozi, mbele saluni. Kuna mzee jirani, kazi yake ilikuwa kubeba magunia humu humu, anakaa kwenye benchi nje ya geti letu kila jioni, anasema hapa tulipo yalikuwa yanapaki malori, na ananikumbusha kila siku kwamba enzi zile mtu hakuwa anauliza kodi, alikuwa anauliza zamu. Nikitoka ananisalimia "mbukwenyi", naitikia kwa Kigogo changu kibovu anacheka mpaka anakohoa. Mke wake ndo aliyeniletea ugali wa uwele na mlenda siku ile nimekosa gesi na maji kwa pamoja. Hiyo haipo kwenye video ya dalali na ndo kitu kizuri kuliko vyote hapa.

Kingine alichonificha dalali, au niseme sikuuliza, ofisi yangu ipo Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. "Kizota ni mjini tu dada", ndiyo, ila Mtumba ipo upande wa pili kabisa, barabara ya Dar, kwa hiyo mimi navuka jiji zima asubuhi na jioni, daladala mbili, saa kumi na mbili kasoro nipo barabarani. Kama unafanya kazi Mtumba katafute Nzuguni au Ihumwa huko, usije Kizota kwa sababu ya kabati za jiko.

Umeme hauna shida, kila nyumba mita yake, ila ipo kwenye ile tarifu kubwa, elfu kumi unapata uniti 28 hivi, na kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU wakati jengo sio langu. Mwambieni mwenye nyumba awapunguzie kwenye kodi ya pango, mimi nilimwambia akasema tutaongea, tunaongea mpaka leo. Ulinzi mzuri, fensi ndefu, pakingi ipo. Vyombo vya ndani nilimalizia soko la Sabasaba, na Jumamosi mnada wa Msalato, japo nilienda kutafuta meza nikarudi na mguu wa mbuzi wa kuchoma.

Kuhusu tanki: kwenye grupu la WhatsApp tulilalamika sana, mwenye nyumba akataka kila kaya ichange elfu arobaini, wote tukawa bubu siku tatu. Mkataba ulipoisha nikamwambia nalipa miezi mitatu tu sio sita, na tanki la pili liandikwe humo kwa kalamu. Akanuna, akaandika. Kumbe na wa chini alimwambia hivyohivyo.

Jana jioni limeshushwa, jeusi, lita elfu tano, lipo uani limelala ubavu na nailoni yake, watoto washaligeuza nyumba. Fundi anasema Jumatano. Natoa nyota tatu, likianza kutoa maji narudi kubadilisha.