Tambi za dagaa Koshigoe: chakula changu cha mchana kwenye mgahawa wa Kitaliano huko Japani

Ukiwa Tokyo na ukapata siku moja ya kutoka jijini, nenda pwani ya Kamakura ukale tambi za dagaa. Mgahawa niliokula ni mdogo, wa Kitaliano, hatua chache kutoka stesheni ya Koshigoe, pale ambapo treni ya Enoden inapita katikati ya barabara pamoja na magari. Bandari ya wavuvi iko jirani, na utamu wote wa chakula chao unaanzia hapo.

Mchana wanauza seti: saladi, mkate, tambi au piza, halafu kahawa. Nililipa yen 1,650, kodi ikiwa ndani. Kwa anayetaka kula mgahawa mzuri Japani bila kuumia, mchana ndio wakati wake. Usiku mpishi ni yuleyule, bei inapanda.

Nilichagua spageti za shirasu. Shirasu ni vidagaa vichanga vinavyovuliwa ghuba ya Sagami, mbele ya mgahawa huohuo. Aliyezoea dagaa mchele wa Zanzibar atavitambua mara moja, ila hivi ni vidogo zaidi tena havikukaushwa: vimechemshwa kwa maji ya chumvi, vikabaki laini na vyeupe. Kaunta iko wazi, kwa hiyo nilimwona mpishi akifanya kazi. Kitunguu saumu na pilipili kavu kwenye mafuta ya zeituni, moto mdogo, bila haraka. Kisha tambi, na upawa wa maji yaliyochemshia tambi, akitikisa kikaango mpaka mafuta na maji vikashikana vikawa rojo. Vidagaa alivimwaga mwisho kabisa, sahani ikiwa tayari. Hapo nilimvulia kofia, maana vingepitishwa motoni tena vingekakamaa na chumvi ingezidi. Juu akanyunyiza majani ya shiso, jamii ya mnanaa, yaliyokatwa membamba. Italia hayamo kwenye upishi wao, lakini hapa yalikata mafuta vizuri mno, na kwangu sahani hii isingekamilika bila hayo.

Tambi zenyewe huivishwa kwa kuacha kiini kigumu kidogo. Mimi nazipenda hivyo. Anayependa zilizolainika kabisa huenda akaona mbichi.

Kasoro ipo moja ya kweli: sahani ni ndogo. Mtu mwenye njaa ya safari aongeze yen 200 apate tambi zaidi, la sivyo atatoka akitafuta pa kula tena. Menyu ni ya Kijapani tupu. Kwa Waislamu wenzangu, ulizeni kila kitu, kwa sababu sosi nyingi zina bekoni. Nilisema tu "butaniku", yaani nyama ya nguruwe, huku nikiashiria hapana kwa mkono. Mhudumu akaenda kumuuliza mpishi, akarudi akanionyesha sahani mojamoja ipi inayo na ipi haina. Huduma ya namna hiyo inastahili kusifiwa. Bakshishi haitolewi, na malipo ni taslimu.

Angalieni pia msimu. Uvuvi wa shirasu eneo hilo hufungwa tangu Januari 1 hadi Machi 10, na bahari ikichafuka boti hazitoki. Vibichi, vinavyoliwa siku ileile vilipovuliwa, havipatikani wakati huo kabisa. Fika kabla ya saa tano na nusu asubuhi. Viti ni vichache, na wenyeji wanaujua mlango huo kuliko sisi.