Duka la kanga lililopangwa kwa shughuli, Biashara Street

Nilikwenda kumtafutia wifi yangu kanga, amejifungua Ijumaa. Maduka mengi niliyopita hapa Mombasa hupanga doti kwa rangi, nyekundu huku, kijani kule. Bibi mwenye duka hili amepanga kwa shughuli: rafu ya mzazi, ya harusi, ya msibani, na chini kabisa za kushindia jikoni.

Mimi nafundisha saikolojia, na pale pale nikamkumbuka Lawrence Barsalou, mtafiti wa Marekani. Mwaka 1983 alieleza jinsi watu wanavyounda makundi ya papo kwa papo kufuata lengo walilo nalo. Mfano wake mmoja ni vitu vya kutoa ndani nyumba ikiwaka moto. Mtoto na vito vya dhahabu havifanani hata kidogo, lakini lengo linaviweka pamoja.

Rafu ya mzazi ndivyo ilivyo. Ya manjano, ya zambarau, maua, korosho. Kwa macho hazina undugu wowote. "Soma jina kwanza mwanangu, rangi itafuata," bibi akaniambia. Nikaacha kulinganisha rangi, nikasoma majina, na dakika kumi hazikuisha nimechagua. Duka la kabla ya hapo nilizunguka karibu saa nzima nikatoka mikono mitupu!

Kitambaa ni pamba nzito, pindo limechapwa sawa. Kona ya nyuma ina giza, majina hayasomeki vizuri, waongeze taa. Mwezi ujao narudi, rafu ya harusi.