Jioni ya ghafla: Mama Ngina au Pirates?

Joto la kaskazi likishika, nyumbani hakukaliki. Kama uko Mombasa na huna mpango wala pesa nyingi, Mama Ngina, pale kando ya bahari, ndiko rahisi. Ukifika tu, muhogo wa kuchoma unapasuliwa mbele yako, unapakwa ndimu na pilipili ya unga, nawe unakaa chini ya mbuyu ukitazama meli zikiingia bandari ya Kilindini. Ila huogelei; ni miamba mitupu.

Pirates, ufuo wa kule Bamburi, watu huenda kuogelea. Watoto hukodi tyubu za magari, ngamia hupita. Lakini uliza maji kwanza: yakikupwa, utatembea weee na magoti hayajalowa. Na matatu ya kurudi Jumapili jioni, ndugu yangu, ni vita. Mimi Pirates naiwekea Jumamosi asubuhi, maji yakiwa yamejaa.