Ofisi ya nyaraka za mirathi, Ngamiani, Tanga

Kwa mirathi ya Kiislamu au ya kimila inayofunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ofisi hii inafaa. Kabla ya kujaza Fomu Na. 1, ya kuomba usimamizi wa mirathi, wanalinganisha jina la marehemu kwenye cheti cha kifo, hati ya nyumba na kadi ya benki. "Ali" hapa, "Ally" pale, benki inagoma. Wanakuelekeza kwa wakili upate kiapo cha majina, kwamba yote ni ya mtu mmoja. Muhtasari wa kikao cha ukoo nao wanaukagua sahihi kwa sahihi, maana mjane akirukwa, pingamizi haliko mbali.

Udhaifu: msimamizi akishateuliwa, hawamkumbushi Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni, inayotakiwa ndani ya miezi 4. Wengi hukwama hapo, wakidhani barua ya usimamizi imewapa nyumba.