Kifaa cha USB cha kuhamishia mikanda ya VHS: kwa nini sauti inaachwa nyuma na picha

Karibuni, wana chaneli. Leo mezani ni hiki kifaa cheusi cha USB cha kutoa picha kwenye deki kuingiza kwenye kompyuta. Waya ya njano, nyeupe na nyekundu mnazijua. Picha ikija haina rangi au inakimbia juu, chagueni PAL, mfumo wa picha za TV: mikanda ya hapa kwetu ni PAL, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde. Sauti ikikosekana kabisa kwenye Windows, washeni ruhusa ya maikrofoni, maana Windows inaihesabu sauti ya kifaa hiki kuwa maikrofoni.

Sasa linaloniudhi. Tazameni mkanda huu wa harusi. Dakika ya kwanza, safi. Dakika ya arobaini, bibi harusi ameshafunga mdomo, "ndiyo" ndiyo kwanza inasikika! Programu iliyokuja kwenye boksi haisemi lolote. Fungueni VirtualDub, programu nyingine ya kurekodi video, muangalie namba ya fremu zilizodondoka. Hii hapa: 3... 9... mkanda umefika palipochakaa, 31. Fremu 25 zikipotea bila kuzibwa, picha imeshatangulia sauti kwa sekunde nzima.

Chomeni kwenye tundu la kompyuta moja kwa moja, msipitie habu, kile kigawanyio cha USB. Naweka tena palepale: 28. Imepungua kidogo tu, kwa hiyo USB siyo mchawi. Mkanda uliovutika unatoa mistari ya picha isiyo na mwendo sawa, na kifaa hiki hakina akili ya kuinyoosha; kikipoteza mwelekeo kinatupa fremu.

Dawa ninayoipenda mno: rekoda ya DVD katikati. Deki, waya hadi kwenye AV ya kuingizia ya rekoda, kisha AV ya kutolea hadi kwenye kifaa. Hamrekodi DVD yoyote, mnapitisha tu. Panasonic za zamani, kama DMR-ES10, zinanyoosha mistari vizuri sana. Palepale tena... sifuri. Sifuri, jamani! Na ukingo wa mlango umenyooka, hauchezi tena.

Mtaniuliza vile vya kugeuza AV kuwa HDMI. Bei hazijapishana sana, ila vingi vinatanua picha, watu wananenepa. Pesa hiyo tafutieni rekoda iliyotumika.

Kama bado kuna chengachenga, ni hedi, vile vichwa vya deki vinavyosoma mkanda. Vumbi la Dodoma kiangazi haliachi deki. Alkoholi ya isopropili na ngozi laini. Shikeni ngozi itulie, zungusheni ngoma, ile silinda yenye hedi, kwa mkono. Msipandishe na kushusha, mtavunja hedi, na pamba za masikio acheni, nyuzi zake zinanasa.

Kurekodi kukikatika faili likifika GB 4, diski yenu imepangwa kwa mfumo wa FAT32, hamieni mfumo wa NTFS. Kwa Huffyuv, njia ya kubana video bila kupoteza ubora, saa moja inakula GB 30 na kitu, kwa hiyo mkanda wa E-180, yaani wa saa tatu, andaeni GB 100.

Wiki ijayo MiniDV, vile vikanda vidogo vya kamera, kwa waya wa Firewire. Mwenye deki ya S-VHS (VHS ya daraja la juu) nzima hapa Dodoma mjini aandike chini na bei yake.