Filamu tano za zamani zisizovuma: uanze na ipi, na ununue nakala gani

Kabla hujatoa hela, geuza kasha la diski. Nyuma, huko chini kwenye maandishi madogo, utaona alama yenye pembe sita na herufi ndani yake: A, B au C. Kwa mnunuzi wa Blu-ray, diski zenye picha kali kuliko DVD, herufi hiyo ina uzito kuliko jina la mwongozaji: ni kanda ya dunia, na mashine ya kanda moja hukataa diski iliyofungiwa kanda nyingine. Afrika iko kanda B pamoja na Ulaya. Marekani ni kanda A. Mimi nilijifunza kwa hasara. Binamu yangu alinibebea diski tatu kutoka Marekani, tukapika chai, tukakaa, mashine ikazikataa zote tatu moja baada ya nyingine. Muuzaji alikuwa ameandika kwamba zinacheza popote. Sinza hazikucheza.

Kwenye DVD tafuta picha ya dunia yenye namba: kwetu ni 5, Ulaya 2, Marekani 1. Bahati nzuri, mashine nyingi za DVD za bei ya chini hazijali namba hizo. Diski za 4K, zenye picha kali kuliko hata Blu-ray, hazina kanda kabisa, ila zinahitaji mashine yake.

Mtego wa pili ndio unaowakamata wengi. Filamu kadhaa za Marekani za miaka ya 1940 na 1950 zimekuwa mali ya umma huko kwao, kwa hiyo yeyote anaweza kuzidurufu na kuziuza kihalali, hata kutoka kwenye mkanda uliochakaa. Chukua Detour ya Edgar G. Ulmer, ya 1945, dakika 68 tu. Kwa miaka mingi watu waliitazama kwa nakala zenye mikwaruzo, nyuso zimekuwa madoa meupe, sauti kama ya redio yenye betri zilizoisha. Mwaka 2018 ikasafishwa upya na hifadhi ya filamu ya Academy, wale watoaji wa tuzo za Oscar, na leo ukiiweka nakala hiyo kando ya zile za zamani utadhani ni filamu mbili tofauti. Kwa hiyo hapa sipangi filamu peke yake. Napanga filamu pamoja na nakala.

Filamu ya Hatari! ya 1962 sitaigusa. Ilipigwa Tanganyika na kila mtu anaijua.

1. Le Trou (Ufaransa, 1960)

Hela yako ya kwanza iende hapa. Wafungwa watano wa gereza la La Santé, Paris, wanachimba njia ya kutorokea. Kisa ni cha kweli, cha 1947, na mmoja wa waliojaribu kutoroka, Jean Keraudy, anaigiza humu. Muziki hakuna mpaka majina ya mwisho yanapopita. Unachosikia ni chuma kikigonga zege, na kuna sehemu ambapo mwongozaji, Jacques Becker, anaiacha kamera palepale kwa karibu dakika nne, bila kukata, huku watu wakipokezana kupiga sakafu. Zege linapasuka kidogo kidogo mbele ya macho yako. Nyundo hawana, wana kipande cha chuma cha kitanda. Wanafunga kigae cha kioo kwenye mswaki, wanaupenyeza kwenye tundu la mlango ili wamwone askari anayekuja. Ukikulia kwenye vibanda umiza ukingoja stelingi aanze kurusha mateke, hapa utangoja bure, lakini jasho litakutoka. Becker alifariki Februari 1960, filamu yenyewe haijatoka.

Nunua Blu-ray ya Ulaya. Ukichukua DVD ya Ulaya, usishangae ikiisha mapema: mfumo wa televisheni wa huko, PAL, huikimbiza filamu kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24, na dakika 131 zinakuwa kama 126. Hakuna kilichokatwa.

2. Nothing But a Man (Marekani, 1964)

Niliwahi kuiweka ya kwanza, na huenda nikairudisha. Duff ni kijana mweusi wa gangi ya reli huko Alabama, anamwoa Josie, mwalimu, binti wa mchungaji. Baba mkwe amezoea kuishi na wazungu wa mji kwa kuinamisha kichwa. Mkwe shingo yake haipindi. Anapata kazi kwenye kiwanda cha mbao, anawaambia wenzake wasimame pamoja, maneno yanamfikia bosi. Anatakiwa ayakane mbele ya wote. Anakataa, kazi inaisha. Hakuna anayepiga kelele, na hilo ndilo linaloumiza. Ivan Dixon na Abbey Lincoln wanaigiza kama watu uliokaa nao jirani, na redioni zinapita nyimbo za Motown, kampuni ya muziki ya Wamarekani weusi, za wakati ule. Mwongozaji, Michael Roemer, alikuwa Myahudi aliyetolewa Ujerumani akiwa mtoto kuwakimbia Wanazi. Alabama yenyewe ilikuwa hatari kwa watengenezaji, kwa hiyo sehemu kubwa ilipigwa New Jersey.

Nakala safi ni ya kampuni ya Criterion, na ni ya Marekani, kwa hiyo rudi kwenye ile herufi. Bei yao ya kawaida ya Blu-ray ni dola 39.95. Mwenye ndugu kule amwambie asubiri Julai au Novemba, maduka ya Barnes & Noble huwa yanaziuza nusu bei.

3. Il Posto (Italia, 1961)

Kwa yeyote aliyewahi kutembeza bahasha ya kaki. Domenico anatoka kijijini kwenda Milan kufanya usaili wa kampuni kubwa: hesabu, kupiga magoti na kusimama, maswali ya ajabu. Nafasi ya ukarani hakuna, anaanza kama tarishi. Baadaye karani mmoja anafariki na meza inabaki wazi. Kijana anapokalishwa pale mbele, wakongwe wanalalamika, kila mmoja anabeba vitu vyake kusogea hatua moja mbele, na yeye anaishia meza ya mwisho, gizani. Ermanno Olmi alikuwa amefanya kazi kwenye kampuni kama hiyo, hakubuni hewani. Hii hata kwa DVD inatosha, mradi maandishi ya chini ya Kiingereza yawepo. Kiswahili usikitegemee kwenye hata moja ya tano hizi.

4. The Hitch-Hiker (Marekani, 1953)

Ida Lupino, mwanamke aliyeongoza filamu Hollywood wakati ambapo wanawake wa kazi hiyo walikuwa wa kuhesabu. Marafiki wawili wanakwenda kuvua samaki, wanampa mtu lifti, mtu anatoa bastola. Jicho lake moja halifumbi hata akilala, kwa hiyo usiku hawajui kama wanaweza kukimbia. Dakika 71, haina mafuta ya ziada. Nayo ni mali ya umma: za bei ya maji zimejaa, na matukio ya gizani hayaonekani kabisa. Tafuta ya kampuni ya Kino Lorber, au acha.

5. Little Fugitive (Marekani, 1953)

Ya tano kwa sababu hadithi yenyewe ni nyembamba. Joey, miaka saba, anadanganywa kwamba amemuua kaka yake, anatorokea Coney Island, ufukwe wa michezo na bembea huko New York. Hela zikimwishia anaokota chupa ufukweni, anazirudisha apewe senti, senti zote zinaishia kwenye kupanda farasi wadogo. Ilipigwa kwa kamera ndogo katikati ya umati, watu wengi hawajui kama wanapigwa. Kama nyumbani kuna watoto, ipandishe hadi ya pili. Wangu walinishinda, wakaidai tena asubuhi yake kabla ya uji.